Viatu Huingia Kwanza

Kwa miaka mingi gambuti za Mzee wa Mlango zililala chini ya meza ya mama yangu. Mama anauza mandazi na chai pale lami inapoanza, mkabala na magorofa ya Nyayo Highrise, na yeyote anayetoka mtaa wetu wa Kambi Muru siku ya mvua hupita hapo akiwa na matope hadi magotini. Wengine hujipangusa kwa gazeti wakaendelea na safari. Yeye alikuwa akiketi kwenye benchi letu, anavua gambuti, anafuta miguu kwa kitambaa, anavaa soksi nyeusi, kisha anatoa viatu vyake kwenye mfuko. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, vya kamba, na viling'aa hadi unaona sufuria ya Mama ndani yake.

"Mzee, leo hizi gambuti zinanuka. Wateja watanihama," Mama alizoea kumwambia.

"Matope si yangu, Mama Brayo. Ni ya kaunti."

Brayo ni ndugu yangu mkubwa. Mimi nilikuwa nikiosha vikombe na kusikiliza. Mzee alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, sijui. Hakusema, nami siulizi watu vitu. Mimi naogopa watu, na hiyo si siri. Hata darasani mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo, nainamia daftari.

Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni kwenye ukumbi mmoja mjini ambako watu huenda kusikiliza fidla, piano na waimbaji wanaoimba bila maikrofoni. Alipokea tiketi, alionyesha watu viti, na muziki ukianza alifunga mlango. Ukichelewa, ulingoja nje hadi kipande kiishe, hata ungekuwa waziri. Na ukija na patipati miguuni au kaptula, alikurudisha. Alikuwa anasema maneno yale yale kila mara, kwa upole, kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu imefunguka: "Rudi ujipange, halafu uje. Muziki utakungoja siku nyingine."

Ndio maana mtaa mzima ulimwita Mzee wa Mlango. Watoto walifupisha wakasema Mlango tu. "Mlango amepita." "Mlango ameamka vibaya leo." Hakukasirika. Nafikiri alilipenda hilo jina kuliko alilopewa na wazazi.

Koti lake lilikuwa moja, jeusi, la mtumba, na fundi wa Makina alikuwa amelipunguza mabega. Shati jeupe. Tai nyeusi aliyoifunga bila kioo. Ndani ya mfuko wa koti kulikuwa na leso ya kikohozi. Leso ya jasho ilikaa kwa suruali, na alitaka tujue kwamba hizo ni leso mbili tofauti na hazikutani. "Kikohozi pia kina wakati wake," alisema. "Ukikisikia kinakuja, kishike kama unavyoshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Ngoja makofi, ndipo umwachilie."

Msemo wake mkubwa ulikuwa ule mwingine: viatu huingia kwanza. Mtu akifika mlangoni, alisema, macho ya mlinzi huanzia chini. Uso unaweza kudanganya, na koti unaweza kuazima. Lakini viatu vinasema umetoka wapi na kama umeheshimu unakokwenda. Sisi wa Kambi Muru tunatoka kwenye matope, na hilo kila mtu analijua. Basi viatu vyetu lazima viseme jambo lingine.

Nilimjua vizuri nilipoingia kikundi cha fidla. Kila Jumamosi tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, na mwalimu wetu, ambaye tunamwita Madam, alitufundisha noti. Mzee alikuja baada ya chai. Yeye hakugusa fidla hata siku moja. Alitufundisha kuingia na kutoka. Hivi ndivyo unavyopanda jukwaani bila kukokota miguu. Hivi ndivyo unavyoinama: inama kutoka kiunoni, usiiname kwa shingo kama kuku anayekunywa maji. Unavaa nyeusi chini hadi juu, hakuna bangili, hakuna hereni zinazolia, kucha hazina rangi. Wasichana wenzangu walilalamika.

"Mzee, hata hereni ndogo tu?"

"Hereni ikipata mwanga, watu wataangalia hereni. Wewe umefanya mazoezi miezi yote hiyo ili hereni ionekane?"

"Si tutaonekana wote wawili, mimi na hiyo hereni."

Hata yeye alicheka siku hiyo. Lakini hereni ilitoka.

Mara ya kwanza tulipovaa nyeusi zote tukapita mtaani na masanduku ya fidla, vijana wa kinyozi walisimama. "Niaje, nani amekufa?" Mwingine akasema ni sisi tutakuwa tukibeba sahani kwa harusi, akaniita mimi hasa: "Weita, niletee soda baridi." Nilitaka ardhi inimeze. Mzee alikuwa nyuma yetu na mfuko wake wa viatu. Aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Tembea tu. Anayeweza kukufananisha na mtu wa kazi hajakutukana."

Kwa sababu ya woga wangu Madam alinipa fidla ya pili. Fidla ya pili haisikiki sana. Inashikilia sauti ya chini wakati ya kwanza ndiyo inaimba. Nilifurahi. Mzee ndiye alikuwa na shida na hilo. Aliniambia kwamba anayeogopa watu asiangalie watu, aangalie kiti kimoja. "Chagua kiti kimoja katikati. Chezea hicho. Hao wengine wamekuja na hicho kiti."

Nikamuuliza, na kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, yeye huwa anachagua kiti gani.

"Mimi? Mimi sijawahi kukaa."

Nilidhani anatania. Hakuwa. Miaka yote ile alisimama. Muziki ulipoanza alifunga mlango akabaki upande wa nje, kwa sababu aliyechelewa lazima apate mtu wa kumwambia angoje. Alichojua kuhusu muziki alikisikia kupitia mbao. Alijua vipande kwa jinsi vinavyomalizika, maana hapo ndipo alipaswa kufungua. Aliniambia kuna kiti fulani, safu ya katikati, karibu na njia, ambacho alikuwa akikipangusa kila Jumapili kabla ya watu kuingia. Siku moja angekikalia, na tiketi mfukoni, kama mgeni. Alilisema hilo mara nyingi, hadi Mama akaanza kumuuliza akija kuvaa gambuti, "Mzee, leo umekaa?" Naye anajibu, "Bado, Mama Brayo. Kiti kipo."

Watu wa kwetu hawakumwelewa juu ya makofi. Kuna wakati tulicheza kanisani, na wazazi walikuja. Tulipomaliza sehemu ya kwanza tukanyamaza kidogo, mama mmoja akapiga kigelegele na kanisa lote likafuata. Mzee aliinuka akainua mkono.

"Bado, wamama. Hii kazi ina vyumba vitatu. Huyu mtoto amefunga mlango wa chumba cha kwanza, anafungua cha pili. Ukipiga kelele hapo, unawafukuza walio ndani."

Mama yangu hakuweza kunyamaza. "Mzee, sisi tunaishi chumba kimoja. Tukifika mlangoni tumefika."

Watu walicheka sana, na mimi nikaona aibu. Yeye alitabasamu kidogo tu. "Ndio sababu nataka watoto wako waone vyumba vingine," akasema. Tangu siku hiyo sisi kwenye kikundi hatukuita sehemu za kipande jina lingine. Chumba cha kwanza, chumba cha pili. Hata Madam alianza kusema hivyo.

Sitaki kuandika kana kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa, na hilo linachosha. Alitukataza kutikisa mguu tukisikiliza, lakini ukipita kwake asubuhi redio inapiga ngoma za ohangla kwa sauti ya juu na mguu wake unacheza peke yake. Alisema muziki ni wa kila mtu, kisha akatumia maisha yake kurudisha watu nyuma.

Na mmoja wa hao aliowarudisha alikuwa binti yake.

Hili nililisikia kwake mwenyewe, kwenye benchi la Mama, siku ambayo mvua ilikataa kuisha. Wakati huo binti yake alikuwa msichana wa rika langu. Mtu mmoja aliyekuwa na tiketi ya ziada alimpa Mzee, akasema amlete mtoto asikilize. Mzee alimwachia binti tiketi na kutangulia kazini. Binti alikuja, akiwa amevaa gauni la kanisani, nywele zimesukwa upya. Lakini njiani kiatu kimoja kilikatika, akaazima patipati kwa rafiki. Alifika nazo mlangoni.

"Ukafanya nini, Mzee?" Mama akauliza.

"Kulikuwa na watu nyuma yake. Kulikuwa na mzee mmoja na mkewe niliokuwa nimewarudisha juma lililotangulia kwa kaptula. Walikuwa wanaangalia." Akafuta kiatu ambacho kilikuwa kisafi. "Nilimwambia yale maneno yangu."

"Rudi ujipange?"

"Rudi ujipange."

Mama alimwongezea chai, na hiyo kwa Mama ni kama kulia.

Baada ya Mzee kustaafu, miguu yake ilianza kuvimba. Ilikuwa ugonjwa wa sukari. Mguu wa kulia ulipata kidonda kidoleni ambacho hakikupona. Mwanzoni alilegeza kamba za kiatu, baadaye akazitoa zote. Mwishowe kiatu kikakataa kabisa, akaanza kuvaa akala, vile viatu vya gurudumu la gari, kwa sababu ndivyo pekee vilivyompa nafasi. Gambuti nazo hazikuingia tena. Zilibaki chini ya meza ya Mama, na paka akazaa ndani ya moja.

Ni wakati huo ndipo kikundi chetu kilipoalikwa kucheza kwenye ukumbi ule ule. Kipande kimoja, katikati ya vipande vya wanamuziki wakubwa, Jumapili alasiri. Kila mchezaji alipewa tiketi moja ya mgeni. Nilimpelekea Mama, akaisukuma kwangu kwa mkono wenye unga. "Mimi nitafanya nini huko, nikae nikishika kikohozi? Mpe mwenye kiti."

Nilimpelekea Mzee. Aliishika kwa pande zote mbili, kama picha. Namba ilikuwa ya kile kiti chake cha safu ya katikati. Sikuchagua mimi, ilitokea tu, lakini sikumwambia hivyo. Nilimwacha afikiri nimechagua.

"Basi utachezea kiti chenye mtu," akasema.

Jumapili hiyo tulifika mapema. Tulikuwa tumesimama kwenye ukumbi wa nje, tukingoja kuitwa nyuma ya jukwaa, nilipomwona anapanda ngazi akishikilia reli. Koti, shati jeupe, tai. Na chini, akala. Alikuwa amejaribu. Aliosha zile akala na kuzipiga brashi hadi mpira uling'aa, na mguu wenye kidonda aliufunga bandeji na kuvuta soksi nyeusi juu yake. Lakini akala ni akala.

Kijana wa mlango alimjua. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mzee wetu! Karibu, karibu. Hata tiketi usinionyeshe."

"Angalia chini kwanza."

"Nimeona, Mzee. Pole sana kwa mguu. Ingia tu."

"Nilikufundisha hivyo?"

Kijana alicheka kwa aibu. "Mzee, siku hizi hatuangalii viatu. Hiyo sheria iliondolewa. Mtu anakuja vile anataka, bora tu asipige simu."

"Iliondolewa lini?"

"Kitambo. Ulipoondoka tu."

Wakati huo huo alipita mwanamume mmoja na familia yake, amevaa kaptula na ndala, anaonyesha tiketi kwenye simu. Kijana akamwambia karibu. Mzee alifuata zile ndala kwa macho hadi zikapotea ndani. Sijui niandikeje uso wake. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwake akakuta wapangaji wengine, na wao wanamkaribisha chai.

Nilitoka kwenye mstari. Nilisema kwa sauti, watu wengi wakanigeukia, na sikujali. "Mzee, ingia. Tafadhali. Kiti ni kile."

Akaniangalia. "Nikiingia leo na hizi," akasema, "yule msichana wangu nilimrudisha kwa nini?"

Madam aliniita, mlango wa nyuma ulikuwa unafungwa. Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, mguu umenyooshwa mbele, tiketi imo kwenye mfuko wa leso.

Tulicheza. Nilikiona kiti kile tangu nilipoinama. Watu walikuwa wameketi pande zote mbili zake na mwanamke mmoja alikuwa ameweka mkoba wake juu yake. Nikauchezea mkoba. Hatukukosea. Watu walinyamaza kati ya vyumba, na mwishoni walipiga makofi wakasimama. Wenzangu walilia kwa furaha. Mimi nilitaka tu kutoka.

Alikuwa pale pale kwenye ngazi.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Mlango ni mzito. Nimesikia makofi." Akafikiri. "Yalikuja mwisho. Vizuri."

Haukupita muda mrefu binti yake akaja kumchukua, kwa sababu Mzee hakuweza tena kupita njia za Kambi Muru. Alimpeleka kwake Kawangware, ambako anasuka watu nywele. Mtaa ulimsahau haraka. Chumba chake kilipata mpangaji siku ile ile. Tulisikia mguu ulikatwa, chini ya goti. Madam alisema twende wote kumwona, ikawa juma lijalo, na juma lijalo lingine, hadi likizo ikafika na kila mtu akaenda zake. Nilimjulisha binti yake, nikaenda peke yangu na fidla. Nyumbani nilikuwa nimejifunza sauti ya kwanza, ile inayoimba, kimya kimya, ili nisimchezee mtu fidla ya pili peke yake. Vyumba vyote vitatu nilivijua kwa moyo.

Kulikuwa na matope Kawangware pia. Nilibadilisha viatu kwenye kona, nikaweka vile vichafu kwenye mfuko. Binti yake alinipokea nje. Ni mwanamke mrefu, ana mikono yenye mafuta ya nywele. Nilitaka kuvua viatu mlangoni, akanizuia.

"Wacha. Ameulizia kama utakuja na viatu vyeusi." Akatazama ndani, akashusha sauti. "Wewe ndiye ulimpa ile tiketi?"

"Ndiyo."

"Bado anayo. Aliniambia sababu ya kutoingia. Alidhani nitafurahi." Alijipangusa mikono kwa leso yake. "Mimi nilishasahau zile patipati. Kwa kweli nilisahau. Nilikuwa nataka tu aingie."

Ndani kulikuwa na kitanda, pazia, na wajukuu wawili juu ya kochi. Juu ya rafu, karibu na vyombo, viatu vyake viwili, vyote vinang'aa. "Anavipiga brashi vyote viwili," binti alisema nyuma yangu. "Nikimwambia kimoja kinatosha, anachukua cha pili."

Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, shati jeupe limefungwa hadi shingoni. Blanketi lilifunika miguu. Nilisimama mbele yake na viatu vyangu vyeusi nikingoja macho yake yaanzie chini. Hayakushuka. Aliangalia dirisha.

"Mtoto wa Mama Brayo," akasema. "Gambuti zangu zipo?"

"Zipo, Mzee." Sikumwambia habari ya paka.

"Mpe mtu."

Nikafungua sanduku. Nikainama kutoka kiunoni. Wajukuu walicheka, mama yao akawatuliza. Nilichagua mahali pa kuangalia, nikamchagua yeye. Nilicheza chumba cha kwanza chote. Sijawahi kukicheza vizuri hivyo, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikafika mwisho wake, nikashusha upinde wa fidla kidogo tu, ile nafasi ambayo alitufundisha hata pumzi isisikike.

Akapiga makofi.

Alipiga polepole, viganja vikavu, na wajukuu wakamfuata kwa furaha, na mmoja akajaribu kigelegele. Nilingoja. Nilidhani amekosea, atainua mkono, atasema bado. Upinde ulikuwa bado hewani.

"Mzee, vimebaki viwili," nikamwambia.

"Najua." Alivuta blanketi. "Kinatosha, msichana. Hapa ni chumba kimoja."

Binti yake akageuka akaanza kutafuta vikombe. Nikalegeza upinde, nikafuta nyuzi, nikarudisha fidla kwenye sanduku. Vile viwili sikuvifungua.